Kundi letu la bao limetimiza miaka mitano, sasa tuandike michezo yetu

Kundi letu la bao limetimiza miaka mitano mwezi huu. Sherehe tumeifanya Ngamiani, Tanga, mtaa ambao wengi wetu tulizijua kete kabla ya kuzijua namba za darasani. Wenzangu wameniomba niandike kuhusu siku hiyo, nami naandika kwa furaha, ila sherehe yenyewe itachukua sehemu ndogo. Nina jambo zito zaidi la kusema, nalo lilizuka wakati birika la kahawa likikaribia kwisha: michezo tunayocheza kundini iandikwe na ihifadhiwe, kete kwa kete, ili atakayezaliwa miaka hamsini ijayo aweze kuitandaza juu ya bao lake na kuicheza upya.

Kwa asiyetufahamu, sisi ni watu wa Tanga, wa Pangani na wa Muheza tuliotawanyika. Yuko anayeendesha lori Muscat. Yuko mwalimu wa sekondari Handeni. Wa Dar es Salaam ni wengi, wa Mombasa wachache, na tunaye Mpemba mmoja anayetukumbusha kila mara kwamba visiwani bao halichezwi kwa haraka kama huku kwetu. Zamani tulikuwa tukikutana barazani baada ya alasiri, maisha yakatugawa, kila mtu akaenda na riziki yake. Usiku mmoja wa Ramadhani mtu akatuma picha ya bao lake akiuliza nani yuko macho. Kundi la WhatsApp likazaliwa hapo. Miezi ya mwanzo lilikuwa kundi la salamu na picha, mpaka mmoja wetu alipouliza: kwani hatuwezi kucheza hukuhuku?

Tunaweza, na tena vizuri. Bao linafaa simu kuliko karata, kwa sababu hakuna kilichofichwa. Hakuna dadu ya kurusha, hakuna karata iliyofunikwa. Kete zote 64 ziko wazi kwa wote wawili tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mchezaji anatandaza bao lake nyumbani kwake, mashimo 32 katika safu nne, mbili zangu na mbili zako. Anapanga kama bao la Kiswahili linavyotaka: kete 6 kwenye nyumba, yaani shimo kuu la mchezaji, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 zinabaki mkononi. Kisha anampangia mpinzani vilevile upande wa pili. Kuanzia hapo anachohitaji kumtumia mwenzake ni shimo na upande. Tumekubaliana kuhesabu safu ya mbele kutoka kushoto kwa mchezaji mwenyewe, moja hadi nane, kwa hiyo nyumba ni tano. Ujumbe wa kwanza ukisema "6 kushoto", maana yake kete moja imetoka mkononi ikatiwa shimo la sita, na zote zilizomo zimesambazwa kwenda kushoto. Mwenzako anafanya hivyohivyo juu ya bao lake, kete zinalala panapolala, naye anajibu.

Mwanzo wa mchezo kete za pande mbili hazitazamani, hivyo anayeanza hana cha kula, anatakata tu, yaani anasambaza kete bila kula. Anayefuata ndiye anayepata nafasi ya kula, ikiwa mwenzake amemfungulia. Wote wawili wakizimaliza kete za mkononi bila mmoja kufungwa, zamu 44 zimepita, ndipo namua, yaani awamu ya kutia kete za mkononi, inakwisha na mtaji, awamu ya kucheza kete zilizomo baoni tu, unaanza. Wengine wanacheza zamu moja asubuhi na moja usiku, mchezo mmoja ukachukua wiki nzima na zaidi. Dereva wetu wa Muscat anajibu akiwa amesimama kupakia mzigo. Amechonga bao dogo la mbao nyepesi linaloingia chini ya kiti, na kete zake amezibandika sumaku, kazi ambayo ilinifurahisha sana nilipoiona picha yake.

Sehemu moja ilitusumbua, nayo ni nyumba. Ukiwa umeshakula, kete yako ya mwisho ikaangukia nyumba yako, na mbele yake hakuna cha kula, una hiari mbili: ulale hapohapo, au uzibebe zote uende safari. Barazani hili halina utata, mkono wako unasema. Kwenye simu lilizua magomvi ya siku nzima, kwa sababu mmoja alidhani mwenzake amelala na mwingine alikuwa ameshasafiri. Tukaongeza neno la tatu, "lala" au "safari". Tangu hapo kila zamu ya namua, hata iwe ndefu namna gani, kete zikazunguka na kuzunguka, inaingia katika mstari mmoja mfupi wa maandishi.

Uzito wa mstari ule ulionekana siku mabao mawili yalipotofautiana. Bao la Dar es Salaam lilikuwa na nyumba ya kete 9, la Mombasa lilikuwa na 8. Kila mmoja alituma picha, kila mmoja aliapa. Barazani mwamuzi ni macho ya watazamaji, na ukiwa na watazamaji wa Tanga hutakosa mashahidi. Hapa hapakuwa na shahidi. Dereva wa Muscat, ambaye mchezo ule haukumhusu, akasema subirini. Akalitandaza bao lake, akapanda juu ya kundi mpaka ujumbe wa kwanza, akashuka nao mmoja mmoja, zamu kwa zamu, mpaka akapafikia palipoharibika: wa Mombasa alikuwa amekula kwenye kimbi cha kulia, yaani mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele upande huo, akaanza kutia kwenye kichwa cha kushoto, shimo la mwisho kabisa la upande wa pili. Ukila kimbini huna hiari, unaanzia kichwa kilicho karibu. Shauri likaisha, mchezo ukaendelea.

Nilikaa nikilitafakari tukio lile. Mtu aliyeko Muscat ameucheza upya mchezo wa watu wawili ambao hakuwatazama wakicheza, wa siku kadhaa nyuma, na hakupoteza hata kete moja. Katika maisha yangu yote ya barazani sijawahi kuona kitu hicho. Mchezo wa barazani ukiisha umeisha. Kete zinakusanywa, zinapangwa upya, na ule uliochezwa unabaki vichwani mwa waliokuwepo, nao hawabaki nao kwa muda mrefu.

Mfikirie bingwa yeyote uliyemsikia utotoni. Kila mtaa wa Tanga unaye wake, na Bagamoyo, na Kilwa, na Lamu, na kila shehia ya Unguja. Tunasimuliwa nini juu yake? Kwamba alikuwa hafungwi. Kwamba alimfunga fulani mkononi, kete za mwenzake hata hazijaisha. Kwamba alikuwa akitia kete anazungumza na muuza kahawa, halafu anageuka na kula mashimo manne kwa mkupuo. Ukiuliza alianza vipi, aliilinda vipi nyumba, alipoacha kula pale penye kula kidogo alikuwa anangojea nini, hakuna wa kukujibu. Sifa zimehifadhiwa, mchezo wenyewe umezikwa. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye kila mtu anajua kuwa alilipenda bao na picha zake akiwa amelikalia zipo, sijawahi kukutana na mtu anayeweza kunitandazia mchezo wake mmoja.

Hali hii inaniuma zaidi ninapofikiria kilichowatokea washairi wa pwani hii hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na bao alilijua kiasi cha kulitungia shairi. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua alikuwa bado anayakumbuka au anawajua wanaoyakumbuka, akashirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, yakaandikwa. Wangechelewa kizazi kimoja tu, tungebaki na sifa za Muyaka bila beti zake. Michezo ya wapinzani wake wa bao haikupata Sikujua wa kuiandika.

Wacheza sataranji walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1851, London, Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky walicheza mchezo ambao hata haukuwa wa mashindano, walikuwa wanajiburudisha. Anderssen alitoa sadaka askofu mmoja, ngome zote mbili na malkia wake, akashinda. Mtoto wa Korogwe mwenye simu na bando la siku moja anaweza kuucheza mchezo huo wote, kila hatua, akaona mahali ambapo Kieseritzky alikumbwa na tamaa. Ndiyo sababu sataranji inakua. Anayejifunza leo haanzi upya. Anaanzia walipoishia waliokufa. Sisi kila kijana wetu anaanza na shimo tupu, anajifunza kwa kufungwa, na akishakuwa fundi wa kweli anakuwa mzee, na mzee haishi milele.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar akajifunza namna wanavyofikiri, na kazi yake ilitoka mwaka 1995. Ninaiheshimu kazi ile, kwa sababu aliwachukulia wazee wetu kama watu wa akili kubwa, na ndivyo walivyo. Watafiti wa hesabu nao wameonyesha kwamba katika bao unaweza kupatikana mpangilio wa kete ambao zamu moja haitalala kamwe, kete zitazunguka milele. Nilipowasomea wazee habari hiyo barazani walicheka, wakasema wao walishamwona mtu amezunguka mpaka adhana. Lakini elimu ya namna hii inakaa vyuo vikuu, kwa lugha ambayo mwenye bao Makorora haisomi. Ninachokitaka mimi ni daftari la wachezaji wenyewe, kwa maneno yao wenyewe: namua, takata, kimbi, safari, mtaji.

Tunalo tayari daftari la kwanza, na hapa lazima nimtaje mzee wa Barabara ya 12, ambaye jina lake sitaliandika kwa kuwa familia yake haipendi mambo ya mitandaoni. Mzee huyu hakuwa na simu janja. Alikuwa na kiswaswadu cha vitufe, cha kupokea salamu za watoto. Aliingia kundini kupitia kwa mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu wakati ule. Babu analiangalia bao, anasema, mjukuu anaandika. Mwanzoni kijana alikuwa haelewi anachokiandika. Baada ya mwaka alikuwa anaelewa kila kitu, na sasa anacheza yeye mwenyewe, na ukimtazama anavyoilinda nyumba yake unamwona babu yake.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa dada mmoja wa Pangani. Hili nalo nataka kulisema waziwazi. Bao la barazani kwetu ni la wanaume. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mwanamke hakai pale, na akikaa watu wanaacha kucheza wanaanza kumtazama. Dada huyu alifundishwa na babu yake mzaa mama, uani, akicheza na kaka zake mpaka kaka walipokua wakahamia barazani, yeye akabaki uani na bao lisilo na mwenza. Miaka mingi alicheza peke yake, upande huu na upande ule. Kundi lilipoanza akaomba kuingia. Wapo waliosita, nawakumbuka, na wapo waliosema aingie tu tumwone. Leo yeye ni mmoja wa watu ambao ukipangiwa naye unamwambia mkeo wiki hii usinitegemee. Tungepoteza hazina kiasi gani kama bao lingeendelea kuishi barazani peke yake? Kila mtaa una dada wa namna hii, na hatuwajui.

Michezo ya dada huyu na mzee wa Barabara ya 12 ilikuwa inafuatiliwa na kundi zima. Watu walitandaza mabao yao Dar es Salaam, Handeni, Mombasa, wakaenda nao zamu kwa zamu. Kila mchezo ulianza kwa namna moja. Dada anaandika, "Shikamoo babu." Jibu linakuja kwa mkono wa mjukuu, "Marahaba mwanangu, hujambo na nyumbani? Haya, sita kushoto." Tulipoanza kuinakili michezo ile kwenye kaunta buku, mwenzetu mmoja alishauri tuandike zamu tu, salamu tuziache, zinajaza karatasi. Nilimpinga na nitaendelea kumpinga. Karatasi ni rahisi. Atakayeusoma mchezo ule baadaye ana haki ya kujua kwamba watu hawa walisalimiana kabla ya kulana kete.

Mzee alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa wetu, bingwa amekwenda na michezo yake imebaki. Mjukuu wake alituletea simu ile, na usiku kwa usiku tulinakili, mmoja anasoma, mmoja anaandika, wa tatu anahakikisha juu ya bao kwamba kete zinakubali. Tulifanya haraka kwa sababu tulishapata funzo: mwenzetu mwingine aliibiwa simu stendi, ujumbe wake wote wa miaka miwili ukaenda nayo. Wengine hufuta ujumbe simu ikijaa. Mtandao unatupa hisia kwamba kila kitu kimehifadhiwa, kumbe kiko kwenye mfuko wa suruali ya mtu.

Haya, sherehe. Tulikutana Jumapili asubuhi, baraza la nyumba ya mmoja wa wazee wetu. Baiskeli ziliegeshwa ukuta mzima mpaka kona, kama inavyopasa mjini Tanga. Mpemba wetu alivuka kwa meli na bao la mninga la marehemu baba yake, zito, nyumba zake zimechongwa mraba, mashimo yameng'aa kwa miaka ya vidole. Watoto walichimba mashimo yao chini kwenye mchanga, kwa kokoto, wakacheza bao la kujifunza, lile la kete 2 kila shimo lisilo na za mkononi. Machungwa ya Muheza yalikuwepo gunia zima, kahawa na kashata, na mchana pilau. Dada wa Pangani alikuja na mama yake. Alikaa barazani, akapanga kete, akacheza mbele za watu tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na hakuna aliyeacha mchezo wake ili amtazame, isipokuwa waliotaka kujifunza. Wengi wetu tulikuwa tunaonana kwa mara ya kwanza. Unamjua mtu kwa namna anavyotakata, unajua kwamba hapendi safari, kwamba akibanwa anakimbilia kimbi cha kushoto, lakini hukuwahi kujua kwamba ni mfupi na ana sauti nzito.

Mazungumzo ya mbele yalianza baada ya chakula. Lilitolewa pendekezo tuweke kiingilio na zawadi ya fedha, mashindano ya kila mwezi. Mimi nililikataa, na nashukuru wengi walilikataa. Vijana wetu wameshazungukwa na kubeti kila upande, na bao ni moja ya vitu vichache vinavyoweza kumkalisha kijana saa nne akifikiri bila kupoteza shilingi. Tukiweka fedha, watu wataanza kuficha michezo yao, na kila nilichokisema hapo juu kitakufa.

Pingamizi zito lilitoka kwa wazee wawili, nalo nililisikiliza kwa heshima. Walisema fundi haanikwi. Ukiandika michezo yangu, ukaichambua mbele ya watu, umemgawia kila mtu ufunguo wa nyumba yangu. Kwao ufundi wa bao ni amana. Mtu anampa mwanawe, au mwanafunzi aliyekaa naye miaka akimtilia kahawa, hauwekwi hadharani. Naielewa hofu hiyo. Lakini niliwajibu hivi: wazee wangu, mliyempa amana hiyo yuko wapi? Mmoja alinyamaza. Wanawe wako Arusha na hawachezi. Mwingine akasema, mwanangu, basi iandike, ila nikiwa hai usiwaonyeshe. Tumekubaliana hivyo. Michezo ya asiyetaka itakaa daftarini imefungwa mpaka atakapotoa ruhusa yeye au warithi wake. Hata hao Anderssen walikuwa na wapinzani waliosoma michezo yao, na sataranji haikufa kwa hilo, iliongezeka wachezaji hodari.

Tumekubaliana pia mambo ya kazi. Kila mchezo utaandikwa na juu yake itawekwa sheria zilizotumika, kwa sababu Mpemba na mtu wa Mrima hawakubaliani katika kila kitu, hasa habari ya kutakasia (kumzuia mpinzani asilicheze shimo lake linalotishiwa kuliwa) wakati wa mtaji, na msomaji asipojua sheria atadhani wachezaji wamekosea. Safu ya nyuma, ambayo kwenye namua haina haja ya namba, tutaihesabu tisa hadi kumi na sita kuanzia kushoto, ili mtaji nao uandikike bila utata. Nakala zitakuwa mahali patatu: kaunta buku Tanga, nakala Handeni kwa mwalimu, na nakala zilizochapwa ambazo kila mwanakundi atakuwa nazo. Mwalimu wa Handeni ameanza kuwafundisha wanafunzi wake bao la kujifunza jioni, na wakishaiva atawapa michezo ya mzee waicheze upya, zamu moja moja, akiwauliza kabla ya kila zamu: wewe ungefanya nini? Kijana wetu mmoja anayesoma kompyuta Dodoma anataka kutengeneza programu itakayosoma mistari yetu na kuzizungusha kete zenyewe kwenye kioo cha simu. Nimemwambia atengeneze, na maneno yote yawe ya bao kama tunavyoyasema sisi.

Kila Jumapili usiku, kuanzia wiki ijayo, tutauchambua mchezo mmoja kundini. Wa kwanza umeshachaguliwa, ni wa mzee wa Barabara ya 12 dhidi ya dada wa Pangani, na mzozo wake umeanza kabla ya siku yenyewe. Katikati ya namua mzee amekula, anatia kwenda kulia, kete yake ya mwisho imeangukia nyumba, nayo sasa ina kete 12. Mbele yake hakuna cha kula. Akienda safari, kete ya 12 inafika kichwa chake cha kushoto, ambacho kina kete, na mbele ya kichwa hicho dada ana kete 4. Zote ni zake, ale, atie tena. Mzee akasema lala.

Dereva wa Muscat anashikilia kwamba safari ingeumaliza mchezo mapema, kwamba mzee aliogopa. Mimi naona mzee alihesabu kitu kingine. Katika kete zile 12, nane zingekwenda safu ya nyuma, ambako hakuna wa kuzila lakini pia hazifanyi kazi yoyote mpaka mtaji uanze, na alikuwa bado na kete nyingi mkononi. Angekula 4 na kuivunja nyumba kwa hiari yake mwenyewe. Mjukuu, aliyeandika zamu ile kwa mkono wake, anasema babu alikaa kimya muda mrefu kabla ya kutamka, kisha akamwambia aandike upesi kabla hajabadili nia. Dada wa Pangani yeye amekataa kusema chochote mpaka Jumapili. Mpangilio wote wa kete kabla ya zamu hiyo nitauweka kundini Ijumaa. Mwenye bao alitandaze mapema, na asiye na bao achimbe mashimo mchangani.